Daftari la Nyaya za Konokono

Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwonea huruma mtu aliyeandika ovyo. Nilikuwa nalizungushia kosa duara jekundu, halafu pembeni naandika neno moja tu: Rudia. Wanafunzi waliniita Bwana Rudia. Walidhani sijui. Nilijua, na jina lenyewe nililipenda. Nakwambia haya mapema ili huko mbele unicheke vizuri, bila kunionea haya.

Nilipostaafu, badala ya kufuga kuku kama watu wenye akili zao, nilinunua gari. Si gari la kwendea sokoni. Ni lile gari refu lenye nyumba mgongoni: kitanda, sinki, jiko la mafiga mawili ya gesi, friji ndogo, na kabati ambalo mlango wake hujifungua kila mkipiga kona. Lilikuwa limezeeka kabla hatujajuana. Mke wangu alilizunguka mara moja, akasema, "Konokono." Jina likaganda. Mama mkwe, ambaye anakaa nasi, hakulipa jina lolote. Alisema tu, "Hilo banda lako, Mwalimu, liegeshe mbali na kamba yangu ya nguo."

Shida ya Konokono ilikuwa ndani ya kuta. Kuna betri mbili: moja ya kuwashia injini, nyingine ya upande wa nyumba, yaani taa, pampu ya maji, feni na friji. Mpaka hapo hata mtoto anaelewa. Lakini waya ukiingia ukutani mwekundu, unatokea upande wa pili wa buluu, na katikati sijui ulikutana na nani. Palikuwa na swichi ukiibonyeza inawasha feni na kunyamazisha redio. Umeme sikuusomea mahali popote. Niliusomea humo humo ndani, kwa kuunguza fyuzi, na nilikuwa mwanafunzi mwenye bidii.

Mtaani kwetu kuna fundi wa umeme wa magari. Tunamwita Fundi Kimya, kwa sababu akitamka sentensi mbili ujue ya pili ni ya kuaga. Siku moja nilimwita nimwonyeshe maajabu. Nikafungua kifuniko chini ya kitanda, nikamwonyesha waya wa njano ulioungwa kwa kusokotwa tu na kufungwa tepu kama kidonda.

"Mtazame aliyefanya hivi," nikasema. "Angekuwa mwanafunzi wangu, ningemrudisha kwa wazazi wake."

Fundi akachuchumaa, akaigeuza ile tepu kwa kidole. Kwa chini palikuwa na tarehe iliyoandikwa kwa kalamu, herufi zimelala upande mmoja kwa adabu. Ulikuwa mwandiko wangu. Ilikuwa tarehe ya mwaka juzi.

"Mwandiko mzuri," akasema Fundi, akaaga.

Hapo ndipo nilipoanza daftari. Niliapa kwamba kila waya wa Konokono utaandikwa: unapoanzia, unapopita, unapoishia, rangi yake, na fyuzi yake namba ngapi. Fundi Kimya alinishauri nichore mchoro tu, mistari na namba, maneno ya nini. Nikamjibu kwamba mchoro ni wa watu wanaoogopa maneno. Nilisema hivyo, tena kwa sauti, na mbele ya mashahidi. Daftari likafika kurasa thelathini na nne, na sina budi kukiri kwamba ukurasa wa tisa una tashbihi.

Sasa nikueleze kwa nini daftari hilo lilikuja kuwa jambo la maana kwa mtu mwingine zaidi yangu.

Mama mkwe ana dada mmoja tu aliyebaki. Anakaa mwendo wa siku tatu kwa gari, na walikuwa hawajaonana miaka tisa. Mwaka huu moyo wa dada ukaanza kuchoka, na siku moja akapiga simu akasema, "Njoo ningali nakutambua." Mama mkwe hakulia. Alikwenda akafua mapazia aliyokuwa ameyafua wiki hiyo hiyo.

Basi la abiria hawezi kupanda. Nyonga yake mbovu, akikaa zaidi ya saa moja inamkaza, lazima ajinyooshe. Tena ana sukari, na dawa zake za sindano zinataka ubaridi tangu anatoka mpaka anafika. Mtaa wote huu, kitanda na friji vinavyotembea pamoja barabarani alikuwa navyo mtu mmoja tu. Mama mkwe akanijia uani, akasimama na fimbo yake, akaniuliza, "Mwalimu, hilo gari lako, friji yake inafanya kazi?" Limekuwa gari, si banda tena. Nilifurahi mpaka nikasahau kujibu.

Nikaongeza bidii. Nilikuwa na kile kimashine cha kuchapa lebo, na nikabandika kila kilichokaa kimya: TAA WASHA, TAA ZIMA. PAMPU WASHA, PAMPU ZIMA. FENI WASHA, FENI ZIMA. Ikabaki swichi moja, kubwa na nyekundu, ukutani karibu na kichwa cha kitanda. Hiyo ndiyo inayoruhusu au kukata umeme wote wa upande wa nyumba. Nilikusudia kuandika HII NDIYO SWICHI YA GARI ZIMA, lakini utepe ulikuwa unaishia. Sikubabaika. Ufupisho nimeufundisha darasa baada ya darasa: ondoa yasiyo ya lazima, baki na kiini. Nikabaki na kiini. GARI ZIMA. Nikaibandika, nikarudi nyuma hatua mbili ili niitazame vizuri. Kutoka kwenye swichi ile mpaka mlangoni pana hatua moja na nusu, na mlango ulikuwa wazi.

Mguu ulivunjika mahali pawili. Daktari aliuliza nilianguka nikifanya nini, na mke wangu akanijibia: "Alikuwa anasoma."

Safari ilikuwa imebaki wiki mbili. Mke wangu akakaa pembeni ya kitanda changu akasema wataenda wawili, yeye na mama yake. Anaendesha vizuri kuliko mimi, na hilo hata mimi nabishana nalo kwa sauti ndogo tu. "Lakini tukubaliane, Mwalimu," akasema, na akiniita Mwalimu ujue hatanii. "Friji ikisumbua nikajua kwa nini, nitaendelea. Ikisumbua nisijue kwa nini, nageuza gari. Sitamfikisha mama kwa dada yake akiwa hajitambui."

"Kila kitu kimo ndani ya daftari," nikasema.

"Tutaona."

Aliyelisoma lile daftari lote si yeye. Ni mama mkwe. Na hapa ni lazima nirudi nyuma kidogo, safari hii kwa uangalifu.

Alipokuja kukaa nasi miaka saba iliyopita, mama mkwe alikuwa hajui kusoma. Dawa zake alikuwa anazitambua kwa rangi ya kifuniko, na siku moja kiwanda kilipobadilisha vifuniko alimeza ya jioni asubuhi, ikawa kukimbizana hospitali. Baada ya hapo nikamkalisha kwenye meza ya jikoni. Tuligombana miezi minane. Daftari lake nililijaza Rudia mpaka akaniuliza kama hilo ndilo neno pekee nililosomea. Lakini mwishowe alijua kusoma. Na kanuni niliyomwekea ilikuwa moja: fuata kilichoandikwa, usikisie. Hajawahi kukisia tena. Kunitii katika mambo mengine hakuna, hata chai yangu anaitia maziwa akijua sitaki, ila kilichoandikwa anakifuata.

Basi alilisoma daftari langu mchana kutwa, siku mbili, kidole chini ya neno, kwa sauti. Mimi nilikuwa nimelala na mguu juu ya mto, namsahihisha matamshi kutoka chumbani. Ukurasa wa kumi na moja aliusoma mara mbili: "Swichi namba moja. Gari zima. Ni muhimu kuliko zote, hasa mkiwa mmesimama." Nilikuwa nimeandika hivyo kwa sababu gari likisimama injini hailishi betri, na friji inabaki kutegemea njia hiyo moja. Akasema, "Nimeelewa." Sikumuuliza ameelewa nini. Miaka thelathini na mmoja ya ualimu, na sikuuliza.

Wakaondoka asubuhi ya Jumatatu. Konokono alipiga kona, mlango wa kabati ukajifungua, nikausikia mpaka dirishani. Siku hiyo walikwenda vizuri. Jioni waliegesha nyumbani kwa binamu ya mke wangu, wakalala huko kwenye vitanda vya maana, dawa zikabaki kwenye friji. Nilijipongeza. Nilimpigia simu hata Fundi Kimya kumwambia kwamba maneno yamefanya kazi. Akasema, "Haya."

Jumanne saa nane mchana simu ikalia.

"Friji imekufa," mke wangu akasema. Salamu hakuna.

"Friji haifi, fyuzi ndiyo hufa. Fungua ukurasa wa ishirini na mbili."

"Nimeshafungua. Fyuzi nimeitoa nimeitazama, haijaungua. Barafu niliyoweka jana imekuwa maji. Na dawa nimezishika, zina joto la mkono."

Walikuwa wamesimama kula pembeni mwa barabara, mahali penye kivuli kimoja na hakuna nyumba. Sindano ya jioni ya mama mkwe ilikuwa kwenye friji ile. Mji wa mbele wenye zahanati ulikuwa mwendo wa saa moja na nusu, na zahanati inafungwa saa kumi na moja. Nyuma, kurudi, ilikuwa ni ile njia yote ya jana na ya asubuhi.

"Chukua kipima umeme," nikasema. "Pima betri ya nyumba."

Akapima. "Kumi na mbili nukta saba."

"Hiyo imejaa. Pima nyuma ya friji."

Nikasubiri. Nikamsikia akivuta kitu, akipumua. "Sifuri."

Basi betri imejaa na friji haipati kitu. Katikati pana mita sita za waya ambazo nilizipitisha mwenyewe. Nikaanza kulaumu. Nililaumu joto, nikalaumu barabara, nikalaumu friji, kisha aliyeichagua, nikakumbuka ni mimi. Nikamlaumu aliyeunga waya wa njano, naye pia tunamfahamu. Nikamsomesha mke wangu ukurasa wa ishirini na tatu, wa ishirini na nne, akafika kwenye sentensi yangu ya mistari saba akasimama.

"Mwalimu, hapa kitenzi kiko wapi?"

"Kiko mbele. Endelea."

"Siendelei. Umeme unapotelea wapi? Nijibu kwa maneno matatu."

Nimekaa na mguu wa plasta, kurasa thelathini na nne nimeziandika mwenyewe, na sijui. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa.

"Tulikubaliana," akasema, na sauti ilikuwa imelainika, jambo lililoniumiza zaidi. "Sijui kwa nini, kwa hiyo nageuza. Pole, baba."

Nikamsikia mama mkwe kwa mbali: "Tunarudi?"

"Tunarudi, mama."

Halafu mama mkwe akasema, polepole, "Haya. Basi ngoja niwashe."

Kikasikika kitu: tak. Na nyuma ya ile tak, mngurumo mdogo ninaoujua kuliko kukoroma kwangu. Friji ilikuwa inafanya kazi.

"Subiri," nikasema. "Usiondoe gari. Mama amewasha nini?"

"Imewaka yenyewe," mke wangu akasema.

"Haiwaki yenyewe. Mpe mama simu."

Mama mkwe akaja, na alikuwa tayari kwa vita. "Mimi, Mwalimu, sijagusa kitu kisichoandikwa."

"Najua, mama. Umewasha swichi gani?"

"Hii nyekundu. Tukiondoka nawasha, tukisimama nazima. Si umeandika mwenyewe? Gari, zima. Na kwenye daftari umeandika ni muhimu kuliko zote, hasa tukiwa tumesimama." Akavuta pumzi. "Jana kwa binamu walikuwa wameshaniteremsha. Nikakumbuka sijazima. Nikarudi na fimbo yangu, nikapanda ngazi, nikazima. Nyonga ilinipigia kelele, lakini nilirudi."

Gari, zima. Nilifumba macho. Usiku kucha friji ilikuwa haina umeme, mwendo wa asubuhi haukutosha kuipoza, na kila waliposimama ilizimwa tena, kwa sababu mwanamke wa miaka sabini na minne alipanda ngazi na nyonga mbovu kutimiza nilichoandika. Kila lebo nyingine ndani ya gari lile nilikuwa nimeandika zima kwa maana ya zima. Ilikuwaje hii moja tu iwe na maana nyingine? Sentensi zenye maana mbili nimezifundisha kila mwaka, zina sura yake kwenye vitabu, zina maswali yake kwenye mtihani, na mitihani mingine niliitunga mimi. Kiini nilikibakiza. Nilichokiondoa ndicho kilichokuwa na maana.

Nikamwomba anisomee lebo ile tena, naye akadhani ni Rudia.

"Nimekosea kusoma," akasema. Vita vyote vilikuwa vimemtoka. "Nilijua tu. Nilimwambia binti yangu, mimi kusoma nimeanzia uzeeni, msiniachie mambo ya maandishi. Dawa zangu nimeziharibu kwa mkono wangu mwenyewe. Haya, turudi. Dada nitaongea naye kwenye simu."

Nitakwambia ukweli, kwa sababu nimeshavuliwa nguo kiasi cha kutosha. Njia ilikuwapo. Ningeweza kusema, "Umekosea kidogo tu, mama, si neno." Angeamini. Angenishukuru kwa kumsamehe. Na nililifikiria hilo, kwa muda wa kumeza mate.

"Mama," nikasema, "umesoma sawasawa. Kila neno. Aliyekosea ni aliyeandika."

"Nani?"

"Mimi."

"Wewe Mwalimu?"

"Mimi Mwalimu."

Kisha nikasikia kicheko, kidogo kwanza, halafu kikamshinda, akasema mbavu zinamuuma, akampa binti yake simu.

"Kwa hiyo friji ni nzima?" mke wangu akauliza.

"Friji nzima, fyuzi nzima, waya mzima, gari..."

"Hilo neno usilitamke." Nikasikia mlango ukifungwa. "Sasa najua kwa nini. Twende mbele."

Saa kumi na moja kasorobo akapiga tena. Muuguzi alikuwa ameshashika kufuli alipomwona mama mkwe akishuka na fimbo. Alizitupa dawa za zamani, akampa nyingine za kumtosha safari, akauliza zile ziliharibikaje. Mama mkwe akamwambia kulikuwa na kosa la uandishi.

Jumatano mchana walifika. Mimi sikuwapo, nasimulia nilivyosimuliwa. Dada mtu alimtambua tangu mlangoni, akamwita kwa jina la utotoni ambalo mke wangu hakuwahi kulisikia. Walikaa siku kumi na moja. Dada hajui kusoma, na siku ya pili aliomba aoneshwe hiyo nyumba inayotembea. Basi mama mkwe akamshika mkono akamtembeza ndani ya Konokono, akamsomea kila lebo, kidole chini ya neno, taa, pampu, feni, na dada akawa anazigusa herufi moja moja akiuliza, "Na hapa umesoma nini?" Walipofika kwenye swichi nyekundu, mama mkwe akasema hii iliandikwa na mkwe wake, mtu msomi sana, ila mgonjwa.

Waliporudi, nilijikongoja na magongo mpaka garini kabla hata mizigo haijashushwa. Juu ya lebo yangu palikuwa na kipande cha plasta ya kidonda, na juu yake, kwa kalamu iliyokandamizwa mpaka wino umetota, herufi za meza yangu ya jikoni: USIZIME HAPA KABISA. Hakuna mtu duniani ambaye angeisoma vibaya. Nikachukua daftari, nikafungua ukurasa wa kumi na moja. Palikuwa na duara jekundu, halikufungana vizuri, na pembeni yake neno moja.

Rudia.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni anasubiri, fimbo mkononi, uso mkavu. Nikalitazama lile neno kwa muda, na nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya siku ile nikiwa nimelala na mguu juu ya mto.

"Mama," nikamuuliza, "hapa unamaanisha nini? Nirudie kuandika, au turudie safari?"

"Yote mawili," akasema. "Mguu wako ukipona, unatupeleka wewe. Dada anataka kukuona."